Uhalisia Usio na Matanga: Mchezo wa Vita wa Kompyuta Mbele ya Mhakiki wa Fasihi

Makala haya yametokana na mabishano. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alileta mbele ya jopo la walimu pendekezo la kuchunguza usimulizi katika michezo ya vita ya kompyuta. Pendekezo hilo lilirudishwa kwa hoja mbili: kwanza, kwamba mchezo si matini, pili, kwamba hata tukikubali kuwa ni matini, si matini ya Kiswahili, na kwa hiyo haina nafasi katika idara yetu. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa waliolirudisha. Baadaye, kwa kuona haya ya kukihukumu kitu ambacho hakuwa amekisoma, alimwomba mwanafunzi huyo amfundishe kuucheza mmoja wa michezo hiyo. Yanayofuata ni matunda ya miezi minne ya kufundishwa na mtu ambaye alikuwa na kila sababu ya kukataa.

Mchezo tunaouhakiki unaitwa Hell Let Loose. Uliundwa na kampuni ya Black Matter ya Australia, na ukatolewa rasmi kwa watumiaji wa kompyuta mwezi Julai 2021. Unahusu Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Watu 100, hamsini kila upande, huingia katika uwanja mmoja kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, wakapigania maeneo ya ramani kwa muda unaoweza kufikia dakika 90. Viwanja vimepewa majina ya mahali palipopiganwa kweli: Carentan na ufuo wa Omaha huko Ufaransa, Stalingrad na Kursk katika iliyokuwa Muungano wa Kisovieti, El Alamein nchini Misri. Wachezaji hugawanywa katika vikosi vidogo vidogo vyenye viongozi wao, na juu ya viongozi hao yupo kamanda. Kila mtu ana kazi yake. Yupo mpiga bombomu, yupo tabibu, yupo mhandisi, wapo waendeshao vifaru, na yupo mchukuzi wa shehena, ambaye tutamrudia.

Uhalisia wa nini?

Wanaoupenda mchezo huu huusifu kwa neno moja, nalo ni neno ambalo sisi wahakiki tumelizoea mno hata tumesahau kuliuliza maswali: uhalisia. Mwanafunzi wangu alilitumia mara kumi na moja katika kurasa nne za pendekezo lake. Alipotakiwa kulieleza, alitaja mlio wa bunduki, mishono ya sare, vumbi la jangwani. Alitaja pia mambo ambayo mchezo unamnyima mchezaji. Hakuna alama ya kulengea katikati ya skrini. Hakuna tarakimu ya kuonyesha risasi zilizobaki. Hakuna ishara ya kumjulisha mpigaji kwamba amempata mtu. Adui haonekani kwenye ramani mpaka mwenzako amwone na kumtia alama. Risasi moja au mbili zatosha kuua. Katika michezo kama Call of Duty mchezaji ni shujaa anayekimbia peke yake huku na huko. Hapa mtu anaweza kutembea dakika kumi, akafa, asijue aliyemuua alikuwa upande gani.

Hayo yote ni kweli, lakini je, ndiyo uhalisia? Georg Lukács alisisitiza kwamba wingi wa maelezo madogo madogo hauifanyi kazi kuwa ya kihalisia. Kinachohesabiwa ni jinsi kazi inavyoyaonyesha mahusiano yanayowafunga watu na wakati wao. Tukimfuata, basi mishono ya sare haitufikishi mbali. Kuna tukio la karibuni linalotusaidia kuliona jambo hili. Mwezi Novemba 2022 kampuni ya Bohemia Interactive ya Ucheki, inayotengeneza mchezo mwingine wa vita uitwao Arma 3, ililazimika kutoa taarifa kwa umma kwa sababu picha za video zilizotolewa katika mchezo huo zilikuwa zikisambazwa kana kwamba ni picha za vita vya Ukraine, na baadhi ya vyombo vya habari vilikuwa vimenaswa. Kampuni iliwaeleza watazamaji namna ya kuzitambua picha hizo za uongo. Mojawapo ya ishara ilizozitaja ni kwamba mara nyingi picha hizo hazina watu wanaotembea, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuuiga mwendo wa gari la kivita kuliko mwendo wa kawaida wa binadamu.

Tungependa msomaji alishike jambo hilo. Chombo kinachoweza kumdanganya mhariri wa habari kwa kifaru bado hakiwezi kumdanganya kwa mtu anayevuka barabara. Kwa hiyo, anayeutafuta uhalisia wa michezo hii katika sura za vitu ataupata haraka, na atakuwa amepata kidogo sana.

Mzigo na mchukuzi

Kwa maoni yetu, uhalisia wa Hell Let Loose uko mahali ambapo matangazo yake hayapasemi sana, yaani katika mzigo. Mchezaji akifa hurudi uwanjani kupitia kambi iliyojengwa na upande wake. Kambi haijengwi bila shehena, na shehena haiji ila iletwe na lori, idondoshwe kwa ndege, au iwekwe na yule mchukuzi tuliyemtaja. Kikosi chenye walenga shabaha hodari lakini kisicho na kambi karibu hushindwa na kikosi cha watu wa kawaida waliokumbuka kuleta masanduku. Katika wiki za mwanzo, kwa kuwa vidole vyangu ni vizito na macho si ya ujana, mwanafunzi wangu alinipa kazi hiyo. Nilikwenda, nikaweka sanduku nyuma ya kichuguu cha mchanga, kiongozi akajenga, nami nikauawa wakati nikishangaa. Upande wetu ulilishikilia eneo lile kwa dakika ishirini kwa sababu ya sanduku lile. Hakuna aliyenitaja, na sikuona ajabu.

Mkenya hawezi kuyaona haya bila kukumbuka. Soko la Kariokor jijini Nairobi na mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam yamelipata jina moja kutokana na wachukuzi wa Carrier Corps, waliobebeshwa vyakula, risasi na majeruhi katika Vita Vikuu vya Kwanza, kutoka pwani hadi mipaka ya Msumbiji. Makumi ya maelfu yao walikufa, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa, si risasi. Fasihi yetu haijawatendea haki. Tendi za vita zinamwimba mpanda farasi na mwenye upanga. Tamthilia zetu za ukombozi zinamwimba kiongozi na msaliti. Mchukuzi hupita nyuma ya jukwaa. Inashangaza, na kwa kweli inauma kidogo, kwamba mchezo wa kibiashara uliotengenezwa ng’ambo kwa ajili ya burudani umeweza kuiweka kazi ya mchukuzi katikati ya msuko wake kiasi kwamba bila yeye hakuna tendo linaloweza kufuata.

Hatusemi kwamba watengenezaji walikusudia kumuenzi mbeba mizigo wa Kariokor. Hawakumfikiria kamwe. Uwanja wa El Alamein una Jeshi la Nane la Uingereza na kikosi cha Wajerumani cha Afrika. Katika mechi zote nilizocheza sikuona dalili kwamba Waafrika walikuwapo katika jangwa hilo, ingawa askari wa vikosi vya kazi kutoka Afrika Mashariki walipelekwa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini katika vita hivyo kuchimba, kujenga na kubeba. Kwa hiyo kazi ya mchukuzi imo katika mchezo, lakini mchukuzi mwenyewe ametolewa. Kazi imehifadhiwa, uso umefutwa. Huu ni utata ambao mhakiki wa fasihi amefunzwa kuusoma, na ambao mtaalamu wa kompyuta hana sababu ya kuuona.

Fanani mia moja

Tugeukie sasa hoja ya kwanza ya jopo, kwamba mchezo si matini. Hoja hii ina nguvu iwapo matini ni lazima iwe imeandikwa na kukamilika kabla haijamfikia msomaji. Lakini idara iliyoketi miaka mingi ikifundisha fasihi simulizi haiwezi kuishikilia bila kujikana. Tumewafunza wanafunzi kwamba utendaji ndio uhai wa kazi. Kwamba fanani na hadhira huikamilisha kwa pamoja. Kwamba ngano ile ile haisimuliwi mara mbili kwa namna moja. Katika mchezo huu kila mchezaji ana maikrofoni, na sauti zimepangwa kwa ngazi: ipo njia ya kuzungumza na walio karibu nawe uwanjani, ipo ya kikosi, na ipo ya viongozi peke yao. Amri zinatoka juu zikishuka, habari zinatoka chini zikipanda, na zikifika zimekwisha kupindwa. Nimesikia kamanda akiambiwa kwamba kilima kimetekwa na watu wanne, kumbe aliyekuwa juu yake ni mmoja, tena majeruhi. Yote hayo hutungwa papo hapo. Hakuna msimulizi. Mia wote ni fanani, na mia wote ni hadhira.

Ushairi wetu wenyewe unajua kwamba vita ni mabishano ya sauti. Kabla na baada ya vita vya Shela, mnamo mwaka 1812 hivi, washairi wa Mombasa na wa Lamu walirushiana beti za vitisho na kejeli, Muyaka bin Haji akiwa upande mmoja na Zahidi Mngumi upande mwingine. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Beti zile zilitungwa ili zihifadhiwe, na zimehifadhiwa. Maneno ya mchezoni huyeyuka.

Lakini kuna jambo moja katika sauti hizi ambalo sikulitazamia, na ndilo lililonifanya niandike. Miji ya mchezo huu ni mitupu. Carentan ina nyumba, vitanda, vyungu na madirisha, lakini haina mtu asiye na bunduki. Hakuna mama, hakuna mtoto, hakuna mzee aliyekataa kuhama. Vita vilivyoua raia kwa mamilioni vimefanywa kuwa shughuli ya wanajeshi peke yao. Hilo ni pengo kubwa mno la kihalisia, na mtu angeweza kuufunga uhakiki wake hapo. Ila usiku mmoja, tukiwa tumelala kifudifudi nyuma ya ukuta uliobomoka, nilisikia mtoto mchanga akilia. Nilishtuka nikadhani watengenezaji wamenizidi akili. Kumbe kilio kilikuwa kimepenya kwenye maikrofoni ya mwenzetu mmoja huko aliko, Ulaya kwa jinsi alivyozungumza. Aliomba radhi, akasema anakwenda kumbembeleza. Askari wake akabaki amepiga goti mbele yetu, bunduki mkononi, haoni wala hasikii. Kikosi kizima kikamzunguka kumlinda kwa muda wa dakika sita. Hakuna kanuni iliyowalazimisha, wala hakuna pointi walizopata.

Raia aliyefukuzwa mlangoni ameingia kwa njia ya sauti. Mtunzi hakumwalika, na hawezi kumzuia. Mhakiki anayetazama skrini tu hatamwona. Inambidi asikilize, na kusikiliza ndiyo kazi ambayo wanafunzi wa fasihi simulizi wamekuwa wakiifanya vijijini kwa vinasa sauti tangu enzi za walimu wetu.

Kifo na kitufe

Tunafika penye udhaifu mkuu. Mchezaji akipigwa, kama hakuuawa pale pale, huanguka na kuanza kuvuja damu. Anaweza kumsubiri tabibu, au anaweza kubonyeza kitufe cha kukubali kufa ili arudi upesi kupitia kambi. Wengi hubonyeza. Nilipopewa kazi ya utabibu nilikimbia mara nyingi kuelekea kwa mtu aliyekuwa akiomba msaada, na nilipopiga magoti kando yake alikuwa amekwisha kuchoka kungoja. Maiti hubaki kitambo, kisha hutoweka. Hakuna anayezika. Hakuna anayeuliza jina.

Mtu atatujibu kwamba huu ni mchezo, na mchezo ambao mtu akifa haruhusiwi kurudi hautapata wachezaji. Tunakubali. Lakini hatukubali kwamba swali limejibiwa, kwa sababu kila utanzu una masharti yake na kila utanzu hupimwa kwa unachokifanya ndani ya masharti hayo. Jukwaa nalo lina masharti: mwigizaji anayekufa katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein atakula chakula cha jioni kama kawaida. Lakini humo ndani ya tamthilia amekufa, na waliobaki hawana budi kuendelea bila yeye mpaka pazia lianguke. Katika Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate na ambao mojawapo ya miswada yake ni ya mwaka 1728, vifo ni vingi, lakini kifo cha mwenye jina hubadilisha kinachofuata: habari hupelekwa, watu hulia, wengine huapa. Kuombolezwa si pambo la utendi. Ni sehemu ya muundo wake, sawa na vina.

Mfano unaotufaa zaidi ni Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Unahusu vita vile vile vya 1939 hadi 1945. Mtunzi hakuwa uwanjani. Alikuwa mtumishi wa serikali katika Tanganyika, na alivijua vita kwa habari zilizomfikia. Wahakiki wengine wameuona umbali huo kuwa kasoro, wakisema utenzi unarudia msimamo wa dola iliyokuwa ikimtawala mtunzi mwenyewe. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini ukiusoma baada ya kutoka kwenye mchezo huu unauona umbali ule kwa jicho jingine. Shaaban Robert hajui bunduki ilivyo nzito mkononi, wala hadai kujua. Anachokijua ni kwamba vita vina mwanzo na mwisho, vina sababu, vina hesabu ya waliopotea, na kwamba mtu aliye mbali sana navyo anadaiwa kuvitafutia maana. Mchezaji wa Hell Let Loose yuko karibu mno hata hadaiwi chochote. Amepewa uzito wa bunduki, akaondolewa uzito wa kesho yake.

Mfano mmoja utatosha. Mhandisi katika mchezo hutega mabomu ya ardhini. Pale El Alamein nimeyatega mimi mwenyewe, njiani, nikajisifu. Mechi ikiisha yanafutika pamoja na uwanja. Mabomu yaliyotegwa katika jangwa lile mwaka 1942 hayakufutika: yaliendelea kuwaua na kuwakata viungo wachungaji na wakazi wa kaskazini magharibi mwa Misri kwa miongo mingi baada ya Montgomery na Rommel kuondoka. Bomu la mchezoni limechorwa kwa usahihi mkubwa, hata rangi yake. Kilichoachwa nje ni wakati, na bomu la ardhini bila wakati si bomu la ardhini.

Lugha ya nani?

Imebaki hoja ya pili ya jopo, kwamba hiyo si matini ya Kiswahili. Niliiona kuwa ndiyo imara kuliko zote mpaka nilipoingizwa katika kikosi cha vijana sita, wanne wa Nairobi na wawili wa Mombasa, ambao hucheza pamoja kila Ijumaa usiku kwenye seva iliyoko Ulaya. Sauti huchelewa njiani, na mara nyingine unauawa na mtu ambaye kwenye skrini yako bado hajatokeza. Katika njia ya viongozi mmoja wao huzungumza Kiingereza. Ndani ya kikosi ni Kiswahili, na Kiswahili hicho hakimo katika kamusi yoyote. “Niko chini” maana yake nimejeruhiwa. “Mzigo” ni shehena, na “mama mzigo” ni lori liletalo shehena. Kambi iliyozingirwa na adui hata haifanyi kazi huitwa “imelala”. Tabibu wanamwita “daktari” kwa heshima yote hadi achelewe, ndipo anapoitwa “kliniki”.

Wanaisimu watakumbuka KiKAR, Kiswahili cha askari wa King’s African Rifles, kilichozuka kwa sababu watu wa lugha nyingi walitakiwa kutii amri moja. Tulikidharau kwa muda mrefu, tukakiita kibovu, na wengi waliokizungumza wamekufa kabla hatujawarekodi ipasavyo. Hatuna udhuru wa kulirudia kosa hilo. Msamiati wa vijana wale sita unatungwa sasa, kila Ijumaa, na hauandikwi popote. Ningependa kujua ni nani alianza kusema kwamba kambi imelala, na kama wengine nje ya kikosi hicho wanasema hivyo. Sijui utanzu upi wa lugha ungemkataa mtafiti anayetaka kuuliza.

Nimemwandikia mwenyekiti wa jopo nikiomba pendekezo lile lisikilizwe upya, kwa masharti kwamba neno uhalisia lifafanuliwe na sura ya pili iandikwe tena. Mwanafunzi ameikubali ya kwanza na anaipinga ya pili. Ijumaa iliyopita, tukiwa El Alamein, alinieleza sababu zake kwa kirefu huku akiendesha lori. Nilikuwa nimeketi kando yake na shehena ipo nyuma. Kabla hajamaliza, muda wa mechi ulikwisha. Majina mia yakaorodheshwa kwenye skrini pamoja na pointi zao, sauti zikaagana kwa lugha nne au tano, na uwanja mwingine ukaanza kupakiwa. Mzigo wetu ulikuwa bado haujashushwa.